Korosho za Dakika Nne

Kwa wale ambao gazeti la wiki iliyopita liliishia kufungia maandazi, nawapa kwa ufupi. Naitwa Twalib, fundi cherehani wa Mtanda, hapa hapa Lindi mjini. Mke wangu Nusaiba amebeba begi lake akarudi kwao Mitole. Hakufukuzwa na pombe wala ngumi. Alifukuzwa na shamba lililomo ndani ya simu yangu.

Shamba lenyewe ni gemu. Unapewa kiwanja mtandaoni, unapanda, unavuna, unawaalika watu wawe majirani zako. Jirani akisinzia, unaingia kwake unamwibia kilichoiva. Ndiyo sheria ya mchezo, msinitazame hivyo.

Sasa mkwe wangu, Mzee Yassin, alikuwa ametupa mikorosho thelathini ya kweli kule Mitole, iwe yetu mimi na binti yake. Mwezi wa saba ikatoa maua. Nikatumwa niende nikaipulizie salfa, kwa sababu maua yasipopuliziwa yanapatwa na ubwiriunga, yanageuka meupe kama yamemwagiwa unga, na korosho ndiyo basi tena. Kazi hiyo inafanywa alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo haujaanza. Na alfajiri hiyo hiyo ndipo maboga yangu ya kwenye simu yalipokuwa yanaiva.

Nikakaa chini ya mkorosho wa kwanza, mashine ya salfa mgongoni, nikavuna maboga. Asubuhi nne mfululizo. Wiki mbili baadaye Mzee Yassin alipokwenda kutazama maua, alikuta shamba zima jeupe.

Nusaiba aliniuliza mara moja tu: simu au yeye. Nikamwomba dakika mbili. Jamani, nilitaka nimalize kuvuna kisha nimjibu kwa utulivu kama mwanaume mwenye heshima zake. Yeye akaona ameshajibiwa. Nilipoinua kichwa, begi lilikuwa mlangoni.

Hapo ndipo mliponiachia. Haya yafuatayo ni mabaya zaidi, na sina wa kumlaumu ingawa nimemtafuta sana.

Kwanza niwaambie kwa nini mtu mwenye akili zake anaingia humo. Kwenye simu mvua inanyesha kila siku. Hakuna ngiri, hakuna palizi, hakuna mtu anayeleta kitambaa cha mita mbili akitaka suti ya mita tatu. Mkorosho unaupanda sasa hivi, na dakika nne baadaye unavuna, na nyota zinaruka kwenye kioo kukupongeza. Mimi katika miaka kumi na saba ya kushona sijawahi kurukiwa na nyota. Wateja wangu wakipokea nguo wanaigeuza ndani nje wakitafuta kosa.

Na kulikuwa na Malkia.

Humo ndani hakuna anayetumia jina lake. Mimi nilijiita Bwana Ng'ombe, na picha yangu ni ya ng'ombe, chini yake imeandikwa Lindi. Jirani yangu mkubwa alijiita Malkia wa Korosho, picha yake ua jekundu. Aliingia miezi minne iliyopita, nikamwibia maboga sita siku ya kwanza, naye akaniandikia: "Mtani, kumbe Lindi mna njaa kiasi hicho?"

Papo hapo nikamjua. Ni Kijakazi, mtoto wa mjomba wangu, anakaa Kilwa Kivinje. Mimi na Kijakazi ni mabinamu, na mabinamu huku kwetu ni watani. Tumetukanana tangu tunatambaa. Nani mwingine angeniita mtani?

Sikuuliza. Mtani haulizwi wewe ni nani. Ukimuuliza umeshashindwa, atakucheka mpaka siku ya mazishi yako, na siku hiyo pia atakuja msibani kukucheka. Kwa hiyo nikajibu kama anavyojibiwa binamu. Nikamwita mke wangu mkubwa. Nikamwambia nimeshamposa kwa gunia la mihogo mibovu, na akifa mapema sanda ninayo, nimeishona mwenyewe, fupi miguuni. Naye akanijibu kwamba mume wake mwizi hana hata kaburi la kuazima. Nilicheka hadi nikajidunga sindano.

Ikawa kila alfajiri tunaamshana. Umeamkaje, mke wangu mkubwa? Mvua imefika huko? Nimekuachia maboga mawili, usiseme mimi mchoyo. Mambo ya utani, yasiyo na madhara.

Tuendelee. Baada ya Nusaiba kuondoka nilikaa siku tisa nikila mihogo ya jana. Nyumba ilikuwa kimya mpaka nikawa nasikia cherehani yangu mwenyewe naona kama inanisema. Siku ya kumi nikamfuata Bwana Amiri.

Bwana Amiri ndiye aliyenipelekea posa. Kwetu mshenga kazi yake haiishi siku ya harusi. Mkigombana anaitwa aje atazame alichokiunganisha. Alinisikiliza huku akitafuna karanga, kisha akasema twende Mitole Jumamosi, tukae na wakwe, niombe radhi, na kama Mungu akipenda turudi na mke. Sharti lake lilikuwa moja, simu ibaki nyumbani.

Nikaapa. Na niliiacha kweli, jamani. Niliiweka juu ya cherehani, nikafunga mlango, nikatembea hatua ishirini, nikamwambia Bwana Amiri nimesahau kofia. Nikarudi kuichukua. Kofia nilikuwa nimeivaa.

Mnisikilize kabla hamjanilaani. Wiki ile ilikuwa ya mashindano ya korosho, na mimi na Malkia tulikuwa tunakabana koo. Nikaisokomeza simu ndani ya soksi.

Tulipanda basi la Kilwa, tukashuka Nangurukuru, tukamalizia kwa bodaboda, mimi mguu mmoja nimeunyoosha muda wote. Bwana Amiri akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni baridi yabisi. Akanipa pole kwa moyo safi, Mungu amlipe.

Kikao kilikaa barazani kwa Mzee Yassin. Wanaume mkekani, na mama mkwe wangu, Bi Tawakali, kwenye kiti kidogo mlangoni, nusu ndani nusu nje. Nusaiba alikuwa chumbani, na wakati wake ukifika angeitwa.

Lazima niwaeleze jambo moja kuhusu mimi na Bi Tawakali. Mama mkwe hatazamwi usoni. Miaka sita ya ndoa, ninachokijua mimi ni miguu yake na pindo la kanga yake. Sijapata kula mbele yake, wala kucheka mbele yake, na nikikutana naye njiani nampisha mpaka nakanyaga miba. Ndivyo nilivyolelewa, na hapo ndipo nilipojivunia kuwa mkwe mwema.

Mzee Yassin akasema yake. Hakupaza sauti. Alisema mikorosho ile aliipanda mwaka aliozaliwa Nusaiba, akaimwagilia kwa ndoo, na hakuona tabu kuitoa. Alichokiona tabu ni kumkuta mwanaume aliyempa mtoto na mashamba amekaa chini ya mti anavuna kwenye kioo.

Nikainamisha kichwa. Bwana Amiri akaomba radhi kwa niaba yangu, kwa maneno mazuri ambayo nilitamani ningekuwa mtu anayeyastahili.

Hapo Bi Tawakali akadakia kutoka mlangoni. Aliniunguza. Alisema mchezo huo ni uchawi wa kisasa, na mwanaume mzima anayevuna hewa atakuja kumlisha mkewe hewa. Alisema simu ile ingekuwa mikononi mwake angeitia kwenye kinu akaitwanga pamoja na mwenyewe. Yeye simu yake ni ya kupokelea tu, na kusoma hajui, na anamshukuru Mungu kwa kutojua.

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mimi nikaitazama miguu yake nikaona anasema kweli tupu.

Adhuhuri ikaingia. Tukaenda msikitini, tukasali. Wenzangu wakabaki kwenye nyiradi, mimi nikatoka taratibu, soksi inanichoma.

Mitole mtandao unashika kwa kuchagua. Nilizunguka nyumba nzima ya Mzee Yassin nikiwa nimeinua simu juu, hakuna kitu. Nilipofika nyuma ya jiko, kwenye ua wa makuti, alama zikapanda zote. Nikachuchumaa. Korosho za Malkia zilikuwa zimeiva, mia mbili na arobaini, hazina mlinzi. Nikazikomba zote.

Ukimwibia mtu katika gemu lile, simu yake inawika kama jogoo. Nikasikia jogoo anawika ng'ambo ya makuti.

Nikadhani ni jogoo. Kijijini jogoo hawakosi. Kisha nikasikia sauti ya mwanamke, ya chini, imejaa hasira: "Mshenzi huyu. Leo namzika." Na kabla hajameza mate, meseji ikaingia kwangu: Mume wangu mwizi, leo nakuzika.

Mkono ulikwenda wenyewe ukasogeza kuti moja.

Bi Tawakali alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya chungu cha wali, miwani puani, simu ameiegemeza kwenye figa lisilo na moto. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda kwa kasi ambayo mimi fundi cherehani sina. Akainua macho. Nami kwa mara ya kwanza katika miaka sita nikauona uso wa mama mkwe wangu. Ni mwanamke mzuri, ana mwanya, kama wa Nusaiba.

Akajifunika kanga uso mzima. Mimi nikakaa chini mchangani.

Nikasema ninalolijua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu ndani ya kanga. Mazoea ni kitu kibaya.

Wali ukaanza kuungua, hakuna aliyejali.

"Ndiye wewe Bwana Ng'ombe?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Si Nassibu?"

Nassibu ni mtoto wa shangazi yake, anakaa Mtanda, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mtani wake wa damu. Kumbe naye hakuuliza. Aliona mtu wa Lindi anamwibia bila haya, akajua hapana mwingine ila Nassibu, akarudishia.

"Si Nassibu, mama," nikasema. "Na mimi nilidhani wewe ni Kijakazi."

Hapo yakanijia yote, moja moja. Mke wangu mkubwa. Gunia la mihogo mibovu. Sanda fupi miguuni. Na mengine ya mwezi wa tano ambayo mhariri wa gazeti hili amekataa kuyachapa. Nimemwandikia mama wa mke wangu mambo ambayo mtu akiyasikia barazani hataniita mkwe tena, ataniita mnyama. Na yeye aliyoyajibu, Mzee Yassin akiyasikia, sijui angelala wapi siku hiyo.

Bi Tawakali ndiye aliyepata akili kwanza. Alisema kwa haraka, kwa sauti ya mtu anayepanga harusi. Aliyeyaandika hayo ni mtu aliyedanganyika, na aliyeyajibu vilevile, na Mungu anajua nia. Lakini wanadamu hawajui nia. Kwa hiyo yaliyotokea jikoni yafie jikoni. Yeye atarudi barazani, atasema neno lake, na alasiri haitapita kabla sijaondoka na mke wangu.

"Ukinitaja, Twalib, umeniua," akasema. "Nina wajukuu katika kijiji hiki."

Nikamwambia sitamtaja, hata nikikatwa vidole. Nikainuka. Nilikuwa nimeshageuka aliponiita tena, taratibu, macho bado ndani ya kanga.

"Na zile korosho mia mbili na arobaini?"

Nikamrudishia zote. Mkwe ni mkwe.

Kikao kiliporudi, jamani, mngemsikia. Mwanamke aliyetaka kunitwanga asubuhi alizungumza kwa upole hadi Bwana Amiri akaacha karanga zake. Alisema kijana ni kijana. Alisema hata maji ya kisima yanatibuka, na hakuna anayekifukia kisima. Alisema mchezo huo, kwa anavyosikia kwa watu, unamshika mtu kidogo kidogo, si kwa ubaya wake, ni kwa upweke wa kazi. Alisema amemtazama mkwe wake leo akaona mtu mwenye majuto.

Mzee Yassin alimtazama mkewe kwa muda mrefu. Miaka thelathini na kitu hajapata kumwona akibadili shauri kati ya Adhuhuri na wali. Lakini alifurahi, ilionekana. Hakuna baba anayependa binti yake arudi na begi.

Akasema basi, kama mama amesamehe, yeye ni nani. Nitapulizia salfa msimu ujao yeye akiwa amesimama ananitazama, na mchezo nitauacha. Nikasema ndiyo kwa kila kitu. Bwana Amiri akainua mikono kuanza dua. Moyoni nilishamwona Nusaiba nyumbani kwetu, anakoroga chai, ananisema. Sijapata kutamani kusemwa namna ile.

Mzee Yassin akamzuia mshenga. Akasema tumwite mwenyewe kwanza, tusimfunge mtu kwa dua asiyoiitikia.

Nusaiba akatoka. Alikuwa amekonda. Akakaa karibu na kiti cha mama yake, akaninyima hata upande wa jicho. Baba yake akamweleza yaliyoamuliwa, kwamba mumewe amekiri kosa la mikorosho na ameomba radhi.

"Mikorosho itatoa maua mwakani," Nusaiba akasema. "Sikuondoka kwa sababu ya maua, baba."

Bwana Amiri akashusha mikono.

Nusaiba akasema siku ile nilipomwomba dakika mbili alikuwa amesimama nyuma yangu, na dakika mbili ni nyingi kwa mtu anayejua kusoma. Alisoma. Mke wangu mkubwa, umeamkaje? Mvua imefika huko? Nimekuachia maboga mawili. Akayasema yote kwa moyo, neno kwa neno.

"Miezi minne," akasema, na hapo ndipo sauti ilipomkatika. "Miezi minne hajaniuliza mimi nimeamkaje. Nalala naye kitanda kimoja."

Niliona haya. Si ile haya ya jikoni, hii ilikuwa nyingine. Ile ya jikoni ilikuwa ya kudanganyika. Hii ilikuwa ya kweli, kwa sababu alichokisema ni kweli, na sikuwa nimekijua mpaka aliposema.

Bwana Amiri akalisogeza mbali goti lake lililokuwa limegusana na langu.

"Kuna mwanamke?" Mzee Yassin akaniuliza.

Nikasema ni utani tu, baba, mambo ya mchezo. Akaniuliza utani na nani, maana mtani ana jina na ana kwao. Nikasema kwa sauti iliyonitoroka, Kijakazi, mtoto wa mjomba.

"Nimeshampigia Kijakazi," Nusaiba akasema. "Ana simu ya kitochi. Hata picha haioneshi."

Mlangoni miguu ya Bi Tawakali, ile ninayoijua mimi, ilikuwa imekunjana vidole.

Mzee Yassin akavua kofia yake, akaiweka gotini. Alipozungumza hakuwa mkwe tena, alikuwa baba. Akasema maua yakiungua anasamehe. Mwanamke wa pembeni mwenye jina anaweza kuitwa, akahojiwa, na jambo likaisha. Lakini yeye hawezi kumrudisha mwanawe akaishi nyumba moja na mwanamke asiye na jina.

"Mtaje hapa mbele yetu," akasema, "na mkeo unaondoka naye leo, mimi mwenyewe nitawasindikiza. Usipomtaja, andika talaka." Kisha akageuka mlangoni. "Mama Nusaiba, mletee kalamu na karatasi."

Alikwenda ndani. Tulisikia droo inafunguliwa. Akarudi na daftari na kalamu ya bluu, akapiga magoti mbele yangu ukingoni mwa mkeka, kwa adabu zote za mwanamke wa Mitole mbele ya wageni. Nikainua macho nikamtazama usoni, mbele za watu, sikujali tena. Alikuwa analia. Nusaiba akamshika bega, akidhani mama yake analilia ndoa ya mwanawe.

"Mtaje tu, Twalib," Nusaiba akasema, na safari hii alinitazama. "Awe nani awe, nitamsamehe. Nataka kurudi nyumbani."

Niliutaka ulimi wangu useme. Wallahi niliutaka. Jina lilikuwa limefika mpaka kwenye meno. Mzee Yassin akahesabu pumzi zangu, Bwana Amiri akatazama paa.

Nikanyoosha mkono nikaishika kalamu. Nikaivuta.

Bi Tawakali hakuiachia.